Misumari ya Kunyoosha

Jimiminie chai kwanza, nikusimulie benchi la babu yangu kule Muheza.

Mwaka 1981 nilikuwa na miaka tisa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini maduka yalikuwa meupe. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na msumari mpya ndio kabisa, hauonekani. Babu alikuwa na kopo la maziwa lililojaa misumari aliyoing'oa kwenye milango mibovu na makasha, yote imepinda kama ndoana. Kazi ya kuinyoosha ikawa yangu. Unaulaza msumari juu ya jiwe, kibyongo kikitazama juu, unaugonga pole pole huku ukiuzungusha kwa vidole. Nikigonga kwa hasira, babu ananiambia, "Mke wangu, usiugombeze. Ubembeleze." Bibi anadakia kutoka barazani, ungo wa mchele mapajani: "Na mkeo mkubwa utambembeleza lini?" Wakicheka wote wawili, hata kuku walitimka.

Ubao wa benchi ulikuwa wa mvule, maana mvule mchwa hauwezi. Waliupasua vijana wawili bondeni, mmoja juu ya gogo, mwenzake shimoni, msumeno mrefu ukipanda na kushuka, khwaa, khwaa, tangu asubuhi. Yule wa shimoni alitoka rangi moja kuanzia nyusi mpaka kucha. Unga wa mvule unawasha pua, basi siku ile nyumba nzima tulipiga chafya.

Babu hakuwa na futi. Alipima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: urefu dhiraa nne, kimo dhiraa moja. Kuchora mstari alipasua betri ya redio iliyokufa, akachovya uzi kwenye masizi yake, mimi nikashika ncha moja. Akauvuta uzi juu, akauachia. Pwa! Mstari mweusi, umenyooka. Miguu ilikuwa vipande vinne vya boriti za mkoko vilivyobaki alipojenga nyumba. Akavipaka oili chafu, akavizika chini ya mwembe, akashindilia mawe. Kisha ikaja zamu ya misumari yangu. Mmoja ulikataa kuzama, ukajikunja njiani. Babu hakuung'oa. Aliulaza, akaupondaponda mpaka ukatulia ndani ya mbao.

Jioni babu na wenzake walikaa pale wanne, wakati mwingine watano, maganda ya machungwa miguuni, kete za bao zikigonga. Ikifika saa mbili usiku, ngoma za taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam zikilia, mtu hakohoi. Na akija mgeni, neno lilikuwa moja tu: sogeeni. Wote wanasogea, nafasi inapatikana, hata pale ambapo ungeapa haipo.

Siku hizi tuna viti vya plastiki. Vyepesi, vinaoshwa, vinapangwa kimoja juu ya kingine, na mgeni akija analetewa chake. Sina ugomvi navyo. Ila neno lile sijalisikia kitambo, na nalikumbuka sana.

Mwembe ulikatwa kiwanja kilipogawanywa. Ndugu walipouliza nani anataka nini, nilisema naomba ubao. Sasa uko kibarazani kwangu, juu ya matofali. Jioni nikikaa, kidole gumba chenyewe kinautafuta ule msumari uliolala.