Ufalme Juu, Soko Chini

Kwa miaka mingi nilizoea kuiona Usambara ubavuni tu. Ukipanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, baada ya Korogwe ukuta wa kijani unakusindikiza upande wa kulia, nawe unasinzia, unaamka, ukuta bado upo. Safari hii nikashuka Mombo.

Mombo ni joto, vumbi na beseni za matunda zinazoinuliwa hadi madirishani mwa mabasi. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, lakini anayekwenda Lushoto hupanda Hiace. Ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, kutoka mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400. Tulipofika Soni, penye maporomoko ya maji, masikio yalikuwa yameziba na abiria wenyeji walishavaa masweta. Mimi nilikuwa na fulana.

Wengi wetu tukisikia mlima wa kaskazini tunafikiria volkano. Usambara haina undugu na Kilimanjaro. Huu ni mwamba wa kale mno, uliopasuka ukainuliwa, mmoja katika Milima ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Unyevu wa Bahari ya Hindi unagonga hapa na kugeuka mvua na ukungu, na ndiyo maana msitu kama wa Magamba una mimea na viumbe ambavyo huvipati kwingine duniani. Chini, nyikani, mtu analia ukame, juu, migomba.

Mvua hiyo ndiyo iliyobeba ufalme. Wasambaa husimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu akiwa amekataliwa na ndugu zake kwa kuwa ni kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, akaua simba, akatawazwa mfalme huko Vuga, juu mlimani. Abdallah bin Hemedi aliyaandika masimulizi hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Nani alikuwa mjukuu wa nani baada yake, sitaingia huko. Ukoo wake wa Kilindi una matawi mengi kuliko barabara ya Soni ilivyo na kona. Aliyevuma zaidi ni Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimkuta Vuga mwaka 1848.

Kimweri alikufa mwaka 1862, na hapo ndipo habari iliponinasa. Mwanawe Semboja hakujali kukaa Vuga kwenye ukungu. Alikaa Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara, ambako pembe za ndovu na watumwa walipita na bunduki zilipatikana. Kwa bunduki hizo alimtoa mfalme halali aliyemrithi Kimweri, na Vuga ikachomwa. Mlima uliokuwa na mvua ukashindwa na nyika iliyokuwa na soko. Wajerumani walipokuja waliijenga Lushoto wakaiita Wilhelmstal, wakifurahia baridi yake.

Waingereza nao wakaja na matuta. Kuanzia 1946, huko Mlalo, wakulima walilazimishwa kuyachimba ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuonekana, watu wakagoma hadi mpango ukavunjika. Udongo ulikuwa unaondoka kweli. Hilo serikali ililiona. Ambacho haikukiona ni mgongo wa mwanamke aliyeshika jembe kwenye mteremko ule.

Nilikwenda kwenye genge la Irente, karibu na Lushoto, na mzee mmoja mwenyeji. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaanza kutembea haraka kuliko mimi. Genge linakatika ghafla, karibu mita 1,000 kwenda chini, na chini yake ni Mazinde yenyewe: mashamba ya mkonge, barabara, mabati yakimetameta. Nikamuuliza kama watu wa juu bado wana kinyongo na wa chini.

"Kinyongo cha nini, mwanangu? Tunaozana," akasema, akitoa simu mfukoni. "Ila kabichi zangu haziteremki mpaka nijue leo Kariakoo wananunuaje."

Akapiga, akasikiliza, akakunja uso. Bei ilikuwa mbaya.