Nyumba Bila Babu

Nyumba ya LEGO ya akina Simpson, wale wa katuni ya televisheni, ina nafasi. Chini kuna sebule yenye sofa na televisheni, jiko, na gereji ya lile gari la rangi ya waridi. Juu kuna chumba cha wazazi, cha Bart, cha Lisa, na bafu. Paa linatoka, kuta zinafunguka, unachungulia mpaka chooni. LEGO waliitoa mwaka 2014, vipande 2,523 katika boksi moja, kwa dola 200 kasoro senti moja huko Marekani. Pamoja na nyumba wanakuja watu sita: Homer na mkewe Marge, watoto wao Bart, Lisa na mchanga Maggie, na Ned Flanders, jirani ambaye Homer huazima vitu vyake asivirudishe. Jirani yumo. Babu hayumo.

Vijana niliowauliza (nawaita vijana, ingawa mvi zimeshawaingia) hawakuwa wameliona hilo. Wao walikuwa wakikagua kama rangi ya kuta ni yenyewe, na kama ile picha ya mashua juu ya sofa imo. Sisi wa umri wangu tukiingia nyumba ya watu tunahesabu vichwa kwanza.

Kizazi hiki nimekiona kikikua. Tuliohamia Marekani na watoto wadogo mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuta fulana za Bart zimetapakaa, na shule kadhaa zimezipiga marufuku. Januari 1992 Rais George H. W. Bush alisimama mbele ya watangazaji wa kidini akataka familia za nchi yake zifanane zaidi na akina Walton, wale wa tamthilia ya zamani ya televisheni, kuliko akina Simpson. Wazazi wengi wahamiaji, ambao siasa za Bush hazikuwahusu ndewe wala sikio, kwa hilo walikuwa upande wake. Mtoto anamwita baba yake kwa jina! Baba anamkaba mwanawe koo, na watu wanacheka! Mimi pale sicheki mpaka leo.

Watoto walitazama tu, na walichokiweka moyoni si ule ujeuri. Waliweka sofa. Vipindi vingi huanza kwa familia nzima kukimbilia sofa moja mbele ya televisheni moja, na huku nyumbani nao walikuwa wamebanana kwenye sofa yao, anayekwenda msalani anapoteza nafasi. Sasa kila mmoja ana skrini yake mfukoni na hakuna wa kumsukuma. LEGO wanajua vizuri kwamba sofa ile bado wanaikumbuka. Tangu 2020 maboksi yao ya namna hii yanachapwa 18+, na mwaka 2025 wakatoa mgahawa wa Krusty Burger wenye alama hiyohiyo. Kiwanda cha vitu vya kuchezea kutoka Denmark kimegundua kwamba mtoto mwenye mshahara ni mteja mzuri kuliko mtoto mwenye mama.

Nimrudie babu. Jina lake Abe. Kuna kipindi cha Desemba 1992, kile cha neno la kwanza la Lisa, kinachoeleza nyumba ile ilipatikanaje. Marge ana mimba ya pili, wamebanana katika fleti ndogo, fedha hakuna. Abe anauza nyumba yake mwenyewe ili mwanawe apate ya kuanzia. Homer, kwa shukrani, anamkaribisha aje aishi nao. Anapoulizwa baadaye ilichukua muda gani kabla hajampeleka makao ya wazee, anajibu: wiki tatu hivi. Walioandika mzaha huo walijua wanachokisema. Nyumba nyingi za vijana, Marekani na kwingineko, zina fedha ya mzee ndani ya msingi, na jina lake halimo kwenye hati.

Msingoje nihubiri kwamba kwetu wazee hawatupwi. Unguja kuna makao ya Sebleni na Welezo, Kigamboni kuna Nunge, na waliomo hawakushuka kutoka mbinguni.

Tena tusiwasingizie LEGO, Abe walimtengeneza. Mwaka huohuo wa 2014 alitoka katika kundi la wanasesere 16 wa katuni hiyo, waliouzwa mmojammoja ndani ya mifuko iliyozibwa, mnunuzi asijue aliyemo. Unamtafuta babu, unapata Wiggum mkuu wa polisi. Unajaribu tena, unapata Bwana Burns, tajiri wa kituo cha nyuklia. Wazoefu waliipapasa mifuko palepale dukani, macho juu kama mtu anayekumbuka deni, vidole vikisaka umbo. Katika habari yote hii hakuna kinachonifurahisha kama hicho: watu wazima, na kazi zao na rehani zao, wamesimama wakimpapasa mzee.

Na katuni yenyewe iliwahi kulitazama jambo hili. Mei 4, 2014 kilionyeshwa kipindi ambamo Homer anajikuta katika mji wa LEGO ambako kila kitu kinashikana sawasawa na hakuna kinachoumiza. Amekimbilia huko kwa sababu Lisa, aliyekuwa akijenga naye, amemwacha akaenda kutazama sinema na wasichana wakubwa. Mwishowe Homer anachagua kurudi kwa binti anayekua. Homer anaweza kufanya hivyo kila wiki, maana yeye umri hauongezeki. Waliomtazama wakiwa na miaka kumi wamekwisha kumpita au wako naye bega kwa bega, na mtu wa mbele yao njiani ni Abe. Binti zao nao wameanza kwenda sinema na wengine.

Mwanangu mkubwa anayo nyumba hiyo, ndani ya kabati la kioo, na wanawe hawaruhusiwi kuigusa, jambo ambalo nimelisemea bila mafanikio. Nilimuuliza akimpata Abe atamweka wapi. Akafikiri kweli, akasema, “Gereji, Baba. Pana nafasi.” Nikamwambia gereji ina gari. “Basi gari tutalitoa nje.” Jibu hilo nimelikubali, ila mfuko wa kumtafutia nimemwambia anunue yeye.