Mfongo wa Marangu

Kutoka Maganzo hadi Marangu ni basi na vumbi, sina la kusimulia. Ninaandika kwa sababu ya mfereji ambao mwongoza wageni wetu aliuruka bila hata kuutazama.

Tulikuwa Kinukamori, bustani ya maporomoko kando ya mto. Alikwisha kutueleza habari za Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja kujirusha hapo, akaghairi, na alipogeuka akakutana na chui, akatumbukia. Hadithi yenyewe ni tamu. Lakini nilikuwa nimeona maji yakipita ubavuni mwa kilima, juu kabisa ya mto, nikauliza.

"Ah, dada, huo ni mfongo tu. Twende tukapige picha."

Neno hilo "tu" lilinikera. Kwetu Kishapu ng'ombe hutembezwa kutwa kutafuta lambo lenye maji.

Picha zilipokwisha, nikarudi peke yangu. Nilimkuta mzee na jembe lake akizoa tope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umepotea?"

Nilipomweleza, akacheka, kisha akasogeza kipande cha mgomba kilichoziba tundu la mfereji. Maji yakaingia shambani yakisukuma majani makavu mbele yake, yakazunguka shina la kahawa, yakatulia kwenye migomba.

"Mpaka saa sita ni zamu yangu. Baada ya hapo ni ya jirani."

"Na ukizidisha?"

"Napigwa faini. Na asiyefika siku ya kuzibua, naye vilevile."

Akanieleza kuwa banio liko mbali juu, korongoni. Mteremko ukizidi, maji yanakula udongo. Ukipungua, yanalala na tope linajaa. Waliochimba walipima kwa macho na kwa maji yenyewe. Mwingereza Harry Johnston alipofika Moshi mwaka 1884, aliikuta mifongo ikinywesha mashamba. Kilimanjaro ina mamia yake, na mingine huishia kwenye nduwa, bwawa dogo linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi.

Hasira ikanipungua: mwongozaji huonyesha kile wageni wanachokuja kutafuta. Hata hivyo, mfongo unastahili kuwamo kwenye ziara, na wazee wanaouzibua wapate fungu katika kiingilio.

Lambo letu limejaa tope kwa sababu kila mmoja hunywesha mifugo yake akaondoka, akisubiri katapila la halmashauri. Kwenye mkutano ujao wa kitongoji nitasimama niombe mambo mawili: siku ya kuzibua, na faini kwa asiyefika.