Nyota, Darubini na Daftari la Mwalimu



Juma hili naomba mnivumilie, kwa maana sitasema neno juu ya zaka wala juu ya paa la kigango. Nataka kuzungumza nanyi juu ya nyota, juu ya watu wanaozitazama kwa kazi, na juu ya mashairi na nyimbo zinazozaliwa katika kazi hiyo. Mwishoni itanibidi niseme pia jambo moja linalonihusu mimi mwenyewe, ambalo sikulitenda vema.

Padre mwenzangu aliyerejea kutoka masomoni Uingereza aliniletea kitabu chembamba cha mashairi kiitwacho A Responsibility to Awe, jina ambalo mimi nalielewa kama wajibu wa kustaajabu. Mwandishi wake ni Rebecca Elson, mwanafalaki aliyezaliwa Kanada mwaka 1960. Baba yake alikuwa mwanajiolojia, naye tangu utotoni alifuatana na baba yake mahali pa kazi, akiokota mawe. Kutoka kwenye mawe akapanda hadi kwenye nyota. Alifanya kazi Cambridge, akichunguza vishada vya nyota, na akatumia picha za darubini ya Hubble, ile iliyorushwa angani mwaka 1990. Alipokuwa na umri wa miaka 29 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi za limfu. Alifariki mwaka 1999, akiwa na miaka 39, akiacha makala za kisayansi zaidi ya 50. Kitabu chake cha mashairi kilitoka mwaka 2001, yeye akiwa ameshalala.

Kilichonishika katika kitabu hicho ni sehemu ya pili, ambamo wamechapa madondoo ya madaftari yake. Nakiri kwamba nilikuwa nimezoea kudhani kuwa mwanasayansi akiandika shairi amekwenda likizo. Ameweka vipimo kabatini, amefungua dirisha, anapumzisha akili. Kumbe sivyo. Mama huyu alitafuta katika kazi yake ya kila siku dalili za ile maada isiyotoa mwanga, ambayo wataalamu husema ipo kwa sababu tu wanaona uzito wake ukizivuta nyota. Na maada hiyohiyo ndiyo aliyoiandikia shairi. Hofu ya kufa nayo aliijibu kwa nyota zilezile alizozipima: liko shairi ambamo anazila, kama mgonjwa anavyokunywa dawa. Nimekaa kando ya vitanda vingi vya wagonjwa, na sijapata kusikia dawa ya namna hiyo, ila niliielewa mara moja.

Tukumbuke kwamba kazi yenyewe si ya kishairi hata kidogo. Ni kuhesabu, kupima, kukosea, kufuta na kurudia. Anayetaka kujua jinsi inavyochosha na amtazame Caroline Herschel. Huyu alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1750, akahamia Bath, Uingereza, mwaka 1772 kumfuata kaka yake William, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa na mtunzi wa muziki. Simfonia peke yake alitunga 24. Caroline akafundishwa kuimba, akawa mwimbaji wa kutegemewa katika tungo za Handel. Kisha kaka yake akashikwa na mapenzi ya darubini. Alizitengeneza kwa mikono yake, na kuna siku alisugua kioo kwa muda wa saa 16 bila kuondoa mikono, dada yake akimlisha tonge kwa tonge kama mtoto. Tarehe 13 Machi 1781 William akaiona sayari tunayoiita leo Uranus. Mwaka uliofuata mfalme akampa posho, na muziki ukaachwa.

Tangu hapo usiku wa Caroline ulikuwa wa kukaa na saa na kalamu, kaka yake akitaja anachokiona naye akiandika. Mchana alinakili na kupiga hesabu. Kati ya mwaka 1786 na 1797 alizigundua yeye mwenyewe nyota nane zenye mkia, na kuanzia mwaka 1787 alilipwa paundi 50 kwa mwaka kwa kazi hiyo. Mwaka 1828 chama cha wanafalaki cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu. Lakini ile sauti iliyokuwa ikiimba Handel, sisi hatukuachiwa. Ilipita miaka 120 tangu kifo chake cha mwaka 1848 ndipo mshairi wa Marekani, Adrienne Rich, akaandika shairi lake Planetarium huku akimfikiria Caroline. Nashukuru kwamba mtu aliliandika. Hata hivyo kila nikiwaza habari hizi namhurumia Caroline, na sijui kama yeye mwenyewe angependa kuhurumiwa.

Vijana wetu wa parokia, niliposimulia haya, walinikumbusha mpiga gitaa Brian May wa bendi ya Queen, ile aliyoimba Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Nao wana haki. May alianza masomo ya udaktari wa falaki London mwaka 1970, akayaacha bendi ilipopata jina, akayamaliza mwaka 2007 akiwa na miaka 60. Alichochunguza ni vumbi lililotanda kati ya sayari zetu. Wimbo wake '39, wa mwaka 1975, unawahusu wasafiri waliokwenda mbali mno angani, ambao kwao umepita mwaka mmoja tu, lakini wanaporudi nyumbani wanakuta wapenzi wao wamezeeka au wamekufa. Fizikia ya Einstein inaliruhusu jambo hilo. Mchungaji yeyote aliyewahi kumzika mama wa kijana aliyekuwa ng'ambo analijua vilevile.

Sasa nije kwangu.

Miaka 11 iliyopita, baada ya misa ya pili, mwalimu mmoja wa fizikia alikuja ofisini. Aliimba besi katika kwaya yetu, na alikuwa mtunzi. Mkononi alishika karatasi yenye wimbo mpya ambao haujakamilika, akitaka nauone kabla hajaupeleka kuombewa ithibati. Niliusoma nikiwa nimesimama, funguo za gari mkononi. Ulizungumzia Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama ili wajue majira ya kulima, na mwanga wake uliokuwa safarini miaka mingi. Nikamrudishia karatasi.

“Mwalimu,” nikamwambia, “kwaya haifundishi fizikia. Mungu yuko wapi humu?”

Akatabasamu. “Anakuja, Baba Paroko.”

Nilicheka, nikidhani ananikwepa. Hakuniletea tena wimbo wowote. Alibaki kwaya, akaimba nyimbo za wenzake, na mwaka jana alipougua nilimpa mpako wa wagonjwa. Wimbo ule hatukuutaja, yeye wala mimi.

Baada ya arobaini mjane wake alikuja na daftari. “Padre, nimekuletea hili,” alisema. “Mimi nota sizijui.” Kurasa za mbele zilikuwa za shule: picha za lenzi, maelekezo ya kutengeneza darubini kwa bomba la plastiki, nyakati za mwezi kuchomoza, na tarehe za mwezi Juni ambazo yeye na wanafunzi wake waliamka kabla ya mapambazuko kukiona Kilimia kikirejea upande wa mashariki. Kurasa za nyuma zilikuwa za nyimbo, kwa do, re, mi. Katikati ya daftari pande hizo mbili zilikutana. Ukurasa mmoja ulikuwa na hesabu: kilomita 300,000 kwa sekunde, mara 60, mara 60, mara 24, mara 365. Sifuri zilimpotea mara moja, akafuta, akarudia, akapata karibu kilomita trilioni 9.5, ambao ndio mwendo wa mwanga kwa mwaka mmoja. Akauzidisha kwa miaka 440 ya kutoka Kilimia hadi kwetu. Pembeni aliandika kwamba mwanga anaouona uliondoka kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, mwaka 1593. Na chini ya hesabu hiyo, kwa penseli ileile:

Nuru iliyotufika, hapa usiku wa leo,
Tokea ilipotoka, hajazaliwa babuyo,
Mwendowe haukuchoka, wala kutafuta tuo,

Mshororo wa nne, ule ambao washairi wetu huuita kituo, haupo. Ipo mistari ya nota zake tu, mizani kumi na sita, na chini yake nafasi tupu. Nota zinapanda, kisha zinashuka taratibu. Ninyi mliosoma ushairi mnajua kwamba katika tungo za namna hii kituo ndicho hubeba neno zito, na hurudi kila ubeti kama kiitikio. Hapo ndipo alipokuwa anakuja yule niliyemwulizia.

Nililichukua daftari hadi nyumba ya mapadre, nikaliweka mezani kando ya kile kitabu cha Elson. Usiku ule nililinganisha madaftari mawili ya watu wasiofahamiana, mmoja mwenye picha za Hubble na mwingine mwenye bomba la plastiki. Nilitamani nimwambie mwalimu juu ya yule dada. Angefurahi kuliko mimi.

Mwalimu wa kwaya ameuomba wimbo huo, si kwa misa bali kwa mkesha wa vijana, ambako watatandika mikeka uwanjani na kutazama juu. Aliniomba niutunge mimi mshororo wa nne, kwa kuwa padre hakosi maneno. Nilijaribu jioni tatu. Niliandika mistari yenye vina sahihi na mizani kamili, na kila mmoja ulikuwa mahubiri yangu, si wimbo wake. Nikamrudishia daftari kama lilivyokuwa.

Ijumaa iliyopita niliwasikia wakifanya mazoezi. Wanaimba mishororo mitatu kwa maneno. Wakifika wa nne wanafumba midomo na kuvumisha nota zile tu, besi zikishuka mwisho mahali ambapo yeye angekuwa amesimama.

Tukutane juma lijalo.

Padre wenu