Mpira Unapogusa Ardhi

Utotoni Ubungo, enzi hizo ikiwa bado sehemu ya Kinondoni, nilijifunza kuupiga mpira papo hapo unapodunda. Ukiwahi, unaukosa, ukichelewa, unapaa juu ya lango. Goti huwa juu ya mpira, kifundo hukazwa, macho hayahami. Hatukuwa na kocha. Uwanja wenyewe wa vumbi, wenye mashimo na mawe, ndio uliotufundisha.

Leo pale pamejaa fremu za maduka. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inayatambua maeneo ya wazi. Vigingi vya kwanza tuliviona, tukanyamaza. Tulipoandika barua, kuta zilikuwa zimefika kwenye linta. Mimi, mwalimu wa haki za raia, nilikuwa miongoni mwa waliochelewa. Mpira ulishapaa.