Sumbawanga sikuogopa radi, niliogopa dumu la oili

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Sumbawanga, anakutazama kama anayekuaga moja kwa moja. Atakuhadithia radi za kutumwa na watu wanaosafiri kwa ungo. Jina lenyewe wenyeji wanakuambia maana yake ni "tupa uchawi", yaani kama unao, uuache huko huko nje. Mimi nimekaa siku 5 mwezi wa Juni na radi sikuisikia hata kwa mbali. Kilichonitoa jasho, tena kwenye baridi ile, ni dumu la oili.

Tulikuwa wawili kwenye pikapu ya dizeli. Mwenye gari ni mzee mstaafu aliyeinunua kwa kiinua mgongo chake, na ndiyo shamba lake, ndiyo duka lake. Yeye huniita mwanangu. Tulipanda kutoka Tunduma kwa lami, safari ambayo zamani wakati wa masika ilikuwa unalala njiani na unaamkia njiani. Siku hizi ni kuteleza tu. Ukishafika juu unaiona Ufipa ilivyo: uwanda mpana, miti michache, mashamba ya mahindi yamevunwa, ng'ombe wa jembe wanazurura kama wako likizo. Ni mita zipatazo 1,800 juu ya bahari. Asubuhi ukipumua unatoa moshi kama mvuta sigara.

Siku ya tatu tukaenda kutazama maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Msomaji wangu, hayo usihadithiwe, kaone mwenyewe. Mto unafika ukingoni unajirusha zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Nilichungulia mara moja, magoti yakanikataza mara ya pili.

Kasheshe ikatukuta tukirudi. Barabara ya vumbi, jiwe likaruka, ngo! Mzee akasimama, akalala chini ya gari. Sampo, lile bakuli la chini ya injini linalokaa oili, limepasuka ufa mwembamba na linalia machozi. Akaomba sabuni ya mche kwenye nyumba ya jirani, akaisugua kwenye ufa mpaka machozi yakapungua. Kufika Matai tukanunua lita moja, tukaongeza, tukajikongoja hadi Sumbawanga mjini taa ya oili ikitukonyeza.

Gereji tuliyoelekezwa siitaji. Fundi ni mchangamfu na kuchomelea anajua, hapo simsemi vibaya. Sampo ilifunguliwa, oili yetu ikakingwa kwenye ndoo. Oili ile tuliimwaga mpya Mbeya siku 4 tu zilizopita. Mzee akaagiza: ndoo ioshwe, ifunikwe, ikitoka injini yangu irudi injini yangu. Tukaenda kula. Kurudi, kijana wa gereji ameshaitupia kwenye pipa la oili chafu. Alidhani anafanya usafi!

Fundi akaona aibu. Ndipo akatoa lile dumu. "Mzee wangu, usijali, hii imetoka kwenye gari la mkubwa mmoja hapa mjini. Haina hata mwezi, haijamaliza kilomita 500. Gari lilifunguliwa injini, nikaihifadhi. Chukua bure." Akaimimina kidogo kwenye kifuniko. Rangi ya asali, bwana. Mimi niliyekuwa nimechacha tangu Matai, moyo ukaruka kwa furaha. Nikasema mzee, Mungu si Athumani.

Mzee hakujibu. Akachovya kidole gumba, akasugua, akanusa. Akauliza: "Gari lenyewe petroli au dizeli?" Petroli. "Linatembea wapi?" Nyumbani na ofisini, kilomita 2 kwenda, 2 kurudi. Akafunga kifuniko cha dumu.

Nilimkasirikia, nakiri. Nilimwambia anachagua wakati hatuna mshiko. Fundi naye akajitetea kwa historia: "Mbona Liemba, hapo chini ziwani? Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 imepakwa grisi, ikaibuliwa mwaka 1924, injini zikafanya kazi tena!" Kweli, meli ile ilirudi kazini mwaka 1927 na kwa miaka mingi ikatia nanga Kasanga. Mzee akacheka. "Mwanangu, ile ilikuwa injini ya mvuke, tena imelala. Grisi ilipakwa kuzuia kutu. Hii yangu inakimbia na mzigo mgongoni."

Kisha akanipa darasa nikiwa nimekaa kwenye tairi bovu. Rangi, alisema, inadanganya. Oili ya dizeli inaweza kuwa nyeusi siku chache baada ya kumwagwa na bado ni nzima, kwa sababu kazi yake ni kuoga masizi na kuyabeba yasigande kwenye vyuma. Ya petroli inaweza kung'aa kama asali huku imekwisha nguvu. Na huku juu ndiyo balaa. Gari linawashwa alfajiri kwenye baridi, injini haijapata joto, mwenyewe ameshafika ofisini anazima. Petroli isiyoungua inapenya kwenye ringi za pistoni inaingia kwenye oili na kuilegeza. Mvuke nao unageuka maji humo humo, haupati joto la kuukausha. Fungua kifuniko cha oili cha gari la namna hiyo, mara nyingine unakuta utando mweupe kama mtindi. Kwa hiyo kilomita 500 za mjini Sumbawanga zinaweza kuchosha oili kuliko 3,000 za barabara kuu.

Halafu lugha ya dumu. Oili ya dizeli imeandikwa herufi ya C, mathalani CF-4 au CI-4. Ya petroli ina S, kama SL au SN. Yako madumu yenye zote mbili, lakini lile la fundi lilikuwa dumu la mafuta ya kula. Nani ajue mle ndani iliingia oili gani?

"Tungekuwa porini Kalambo taa inawaka, ningeimimina hiyo hiyo tufike," akasema. "Injini kavu inanoki saa hiyo hiyo. Lakini hapa duka naliona kwa macho. Nikinoki hapa, kiinua mgongo kingine nitapewa na nani?"

Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nahesabu pesa za dumu. Yeye alikuwa anahesabu miaka yake ya kazi.

Tukanunua dumu la lita 5 na chupa ya lita moja, na filta mpya maana mzee hakukubali ya zamani irudi. Fundi, muungwana, akakata pesa ya kuchomelea. Nilibaki na nauli ya chai tu.

Lile dumu la asali halikukaa. Mzee mmoja wa baiskeli alilinunua jioni ile kupaka nguzo za uzio wake dhidi ya mchwa. Aliifunga kwenye keria huku mikono imemchuruzika hadi viwiko, nikamwomba akavae hata mfuko wa plastiki akifika. Oili chafu ikipakwa panya ngozini mara kwa mara imewaletea saratani, na mkono wa mtu haujaandikwa msamaha. Akanitazama kama ninavyotazamwa nikisema naenda Sumbawanga.

Tuliondoka alfajiri, baridi inauma masikio. Mzee aliiacha injini ingurume kidogo, akaondoka taratibu bila kukanyaga mafuta mpaka ilipopata joto. Laela tukasimama. Kabla ya kuagiza chai aliinama kwanza chini ya gari, akapapasa sampo kwa kiganja, akanionyesha. Kikavu.