Yule Msee wa "Tabianchi Imebadilika Tangu Zamani"

Kama ulikulia mtaa wenye barabara ya vumbi, lazima ulicheza hii: unatoa sumaku kwa spika iliyokufa, unaiburuta chini, inatoka na ndevu nyeusi. Sisi tulidhani ni vyuma vilivyodondoka kwa matatu. Kumbe mengi ni madini ya udongo wenyewe, na kuna watu huyapima kujua mvua ya miaka laki tano iliyopita ilikuwa nyingi au haba.

Nilifika huko kwa hasira. Nilirusha video ya mafuriko, mtu akaandika: "Tabianchi imebadilika tangu zamani, acha kututisha." Sikuwa na jibu, nikamfungia. Baadaye ikaniuma, maana kumfungia mtu hivyo ni kama kukubali ameshinda. Chuo niliacha, sina profesa wa kuuliza. Nikaanza kusoma mwenyewe.

Kaskazini mwa China, pale Luochuan, vumbi limerundikana zaidi ya mita 100, kwa karibu miaka milioni 2.5. Enzi za baridi na ukame, upepo ulilileta kutoka jangwani, na tabaka hizo zina usumaku hafifu. Joto na mvua ziliporudi, nyasi ziliota, na chuma kilichomo kikageuka chembe ndogo sana zenye usumaku. Kwa hivyo tabaka la mvua huvuta zaidi. Miaka ya 1980, Friedrich Heller na Liu Tungsheng walionyesha kwamba vipimo hivyo vinalingana na rekodi ya enzi za barafu iliyosomwa kwenye tope la chini ya bahari.

Halafu kuna Alaska, iliyonichanganya kabisa. Huko ni kinyume: tabaka za baridi ndizo zenye usumaku mkali, kwa sababu upepo mkali ulibeba chembe nzito zaidi. Ishara ni ileile, maana tofauti. Huwezi kuokota kipimo kimoja ukaanza kupiga kelele nacho.

Sasa turudi kwa msee wangu. Ana ukweli: imebadilika, tena mara nyingi. Lakini ile mizunguko mikubwa ya karibuni ilichukua kama miaka 100,000 kila mmoja. Sisi tumechoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi kwa miaka 200 hivi. Kwa wastani, pale Luochuan hiyo ni kama sentimita moja ya vumbi. Unene wa kidole, kwenye ukuta wa zaidi ya mita 100.

Nimemfungulia. Nimemwandikia haya yote pembeni, na nikamwomba radhi. Hajajibu, ila tiki zimekuwa za bluu.